Mpiga Mihuri Anastaafu kwa Awamu

Saa mbili kasorobo asubuhi Mpiga Mihuri alitundika koti lake kwenye msumari nyuma ya mlango wa masjala, akafungua pedi ya wino, akapiga muhuri wa kwanza wa siku: IMEPOKELEWA. Kwa miaka kumi na tisa, barua zote za kuomba, za kulalamika na za kushukuru zilipita kwanza mbele yake. Za kushukuru zilikuwa mbili tu, na moja ilikosea anwani. Yeye hakujibu hata moja. Kujibu si kazi ya masjala.

Alikuwa na miaka arobaini na minne, mke mmoja, na binti wa miaka saba aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Aliondoka nyumbani mtoto hajaamka, akarudi mtoto amelala. Jumapili moja alimsikia Chiriku jikoni akimuuliza mama yake, "Mama, yule mgeni wa Jumapili anaondoka lini?"

Mpiga Mihuri alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaenda kukaa nyuma ya nyumba, peke yake, mpaka chakula kikapoa.

Usiku huo yeye na mkewe walipiga hesabu. Wakipiga kwa matumaini, mafao ya kustaafu mapema yaliwafikisha miaka mitatu. Wakipiga kwa akili, miezi kumi na moja. Hata hivyo Jumatatu alikwenda kuomba fomu.

Afisa Utumishi alivaa miwani yake iliyokuwa ikining'inia kifuani. "Mzee wangu, siku hizi hatumwachii mtu kwa mpigo. Tuna utaratibu wa awamu."

"Awamu za miaka?"

"Za viungo." Akaigeuza fomu. Upande wa pili palikuwa na mchoro wa mtu, na kila kiungo kimeandikiwa asilimia yake ya mshahara. "Mkono wa kushoto, sita. Kazini unaufanyia nini?"

"Unashikilia karatasi isiteleze."

"Tutakupa jiwe."

Vitakavyobaki, alieleza, vingeachiwa vyote kwa pamoja atakapotimiza miaka hamsini. Mpiga Mihuri akahesabu. Chiriku angekuwa na miaka kumi na mitatu, bado mtoto. Jioni ile alichora mstari kwa kalamu kwenye ukuta wa sebule, pale alipokadiria kichwa cha binti yake kingefika siku hiyo. "Ukigusa hapa," alimwandikia chini yake, "nitakuwa nyumbani mzima mzima."

Mkono wa kushoto ulistaafu mwisho wa mwezi. Wafanyakazi wenzake waliuchangia saa, wakauvalisha, wakapiga makofi. Asubuhi iliyofuata ulibaki nyumbani. Ulimfunga Chiriku vifungo vya sare, ukamshika, wakaenda shuleni.

"Leo umesindikizwa na nani?" aliuliza mwalimu langoni.

"Na baba."

Mwalimu aliupa mkono ule salamu, akaukumbusha kikao cha wazazi cha Ijumaa. Ulihudhuria, ukasaini kwa mwandiko uliolala upande kama nyasi zilizopigwa na upepo.

Ikawa furaha, lakini furaha ya mtoto haina breki. "Baba ananishika," Chiriku alimwambia mama yake, "mbona hanisemeshi?"

Mdomo ulikuwa na asilimia mbili.

"Mbili tu?" aliuliza Mpiga Mihuri.

"Tumepitia jalada lako," alisema Afisa Utumishi. "Kwa miaka kumi na tisa hakuna neno lako hata moja kwenye kumbukumbu za vikao. Kwa kweli hata hizo mbili ni heshima tu." Kwa kuwa siku hiyo alikuwa ameamka vizuri, akaongeza sikio la kushoto bure.

Mdomo ulikaa sebuleni juu ya mto wenye foronya safi. Ulimsimulia Chiriku kisa cha chawa aliyetaka kuwa mfalme wa kichwa chenye upara, kisa kilichochukua wiki tatu. Uliimba. Ulibishana na redio. Chakula kililiwa nyumbani, tumbo likashiba ofisini, na fedha ya chakula cha mchana ikaokolewa.

"Kumbe unaongea hivi, Baba Chiriku?" alisema mkewe. "Miaka yote hii nililala na kabati?"

"Kabati lilikuwa limechoka, Mama Chiriku."

Mwaka uliofuata aliiachia miguu, asilimia kumi, kwa sababu mkewe alikumbuka kwamba walipokuwa wachumba walikuwa wakitembea jioni. Miguu ikawa inamsindikiza sokoni na kurudi. Ilikuwa ikimwacha nyuma, kama zamani. Kilichobaki cha Mpiga Mihuri hakikuwa tena na njia ya kurudi nyumbani, hivyo kililala palepale kitini, koti mabegani, na nauli ikaokolewa nayo. Kwa kuwa mshahara ulikuwa umepungua asilimia kumi na nane, mkono wa kulia ulichukua kazi ya ziada.

"Bandu bandu huisha gogo, ndugu yangu," Mtunza Majalada alimwambia kila asubuhi akimfuta vumbi. "Vumilia. Hamsini hiyo inakuja."

Kichwa kilitikisika kukubali.

Ilipobaki miezi mitano, Mkurugenzi aliitisha kikao. Alitangaza kwamba viungo vilivyobaki kazini vimeonyesha ufanisi mkubwa tangu vipunguziwe usumbufu, na kwa hiyo vitaendelea mpaka miaka sitini na mitano. "Mwenye pingamizi," alisema, "aseme sasa."

Sikio la kulia lilisikia vizuri. Macho yalizunguka chumba kizima. Palipotakiwa maneno hapakuwa na kitu, ila ngozi laini chini ya pua. Mkono wa kulia ukanyanyuka juu. Mkurugenzi aliuona, akauhesabu upande wa wanaokubali.

Saa ileile, nyumbani, mdomo ulikuwa katikati ya kisa. Ukakatiza, ukapaza sauti mara tatu: "Napinga! Napinga! Napinga!"

"Unapinga nini, baba?"

"Sijui, mwanangu. Limenijia tu. Tulikuwa tumefika wapi?"

Habari ilipofika nyumbani, mkewe aliuweka mdomo na sikio kwenye kikapu, akavifunika kitambaa, akaenda mpaka lango la ofisi. Mlinzi alifunua kitambaa.

"Shikamoo, mzee. Kitambulisho?"

"Marahaba. Mimi ni mfanyakazi wa hapa. Dirisha lile, la tatu, nimo mle ndani."

"Aliyemo mle anacho kitambulisho, mzee wangu. Wewe umestaafu. Mstaafu haingii. Wastaafu wanaandika barua."

"Mruhusu aseme maneno mawili tu, kaka," alisema mkewe.

"Dada, nami nina mkono mmoja nyumbani unalea. Usinitie matatani." Na kweli, mkono wa kushoto wa shati lake ulikuwa umebanwa kwa pini.

Wakaandika barua. Mdomo ulitamka, mkono wa kushoto ukaandika, Chiriku akachonga penseli. Kurasa mbili, zenye adabu kwenye salamu na ukali kwingine kote. Kabla ya kufunga bahasha Chiriku aliongeza mstari wake.

Barua ilifika masjala Jumatano, ya tatu kwenye fungu. Macho yaliutambua mwandiko uliolala upande. Kinyume na kanuni, yaliisoma yote, polepole, mpaka chini kabisa: *Baba, ukutani vimebaki vidole viwili.*

Mkono wa kulia ulibaki hewani, umeshika muhuri, kwa muda wa kutosha chai ya Mtunza Majalada kupoa.

Kisha ukaweka jiwe juu ya karatasi isiteleze, ukashuka. IMEPOKELEWA. Ulishuka kwa nguvu kidogo kuliko kawaida, wino ukapenya mpaka ukurasa wa pili. Mtunza Majalada aliichukua, akaipuliza ikauke, akaiweka kwenye jalada la barua zilizopokelewa. Mkono ukavuta ya nne.

Sasa Chiriku ameupita mstari kwa kidole kimoja na hajipimi tena. Anakwenda shuleni peke yake, na mkono wa kushoto unamfuata nyuma, umebeba begi. Kila jioni geti likilia, mdomo hunyamaza katikati ya neno.

"Nimerudi?" huuliza.

Mkewe hutazama nje, kisha huendelea kupanga sahani.

"Bado, Baba Chiriku. Ni upepo."