Kadi Inasema Nyeupe

Mama Viti alisikia vigelegele akiwa bado nje ya geti, na vigelegele vya nyumba ile, kama hakuna aliyeoa wala aliyezaa, ni dalili ya balaa. Akakumbatia bahasha yake, akaingia.

Ndani ya bahasha mlikuwa na kila kitu: mkataba wa mauziano wenye muhuri wa wakili, kadi ya gari, bima, nakala za vitambulisho, na picha zake ndogo alizopigwa kanuna kwa uchovu. Wiki nzima alipandishwa ngazi na kushushwa. "Mama, nakala haisomeki." "Mama, njoo kesho, mwenye muhuri katoka." Sasa karatasi zimekamilika. Kesho asubuhi ni ukaguzi. Mwalimu mstaafu aliyemuuzia ile pikapu angekuja kusaini mbele ya mkaguzi, kisha apande ndege kumfuata binti yake ng'ambo, harudi tena. Ikipita kesho, basi.

Uani watu wamejaa utadhani kuna harusi. Majirani, mashemeji, na wifi yake mkubwa mbele kabisa akipiga makofi. Katikati yao, pikapu. Aliiacha asubuhi nyeupe. Sasa ilikuwa kijani kama kasuku. Na mlangoni, kwa herufi za njano zenye vivuli: FUNDI RANGI NA NDUGU ZAKE.

"Saprizi, mke wangu!" mumewe, Fundi Rangi mwenyewe, akasema, bomba la kupulizia rangi bado liko mkononi.

Mama Viti alikwenda moja kwa moja mbele ya gari. Alifungua boneti, akainama. Pale namba ya chesisi ilipogongwa kwenye chuma, palikuwa pamejaa kijani, pamelainika kama shavu la mtoto.

"Hata huku?"

"Hatukuacha kona, shemeji," mdogo wa mumewe akajisifu.

Hapo ndipo nyongo ilipompanda.

"Kadi inasema nyeupe! Mkataba unasema nyeupe! Bima inasema nyeupe! Kesho mkaguzi akimulika kurunzi hapa, atasoma nini? Kasuku?"

"Rangi si hubadilishwa palepale ofisini?" mume akasema. "Mimi hizi kazi nazijua."

"Anabadilisha mwenye gari! Na mpaka kesho mwenye gari ni mwalimu!"

Akampigia mwalimu, akaweka sauti ya simu juu ili wote wasikie. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. "Mama, mimi nimeuza nyeupe. Ya kijani siijui, na nisichokijua sisaini. Na ndege hainisubiri." Simu ikakatwa.

Wifi akajikohoza. "Wifi, punguza jazba. Kaka yangu kakupendezeshea. Na gari ni la nyumba. Mke na mume ni kitu kimoja."

"Kitu kimoja? Nilipokuwa nasukuma mkokoteni wa viti, mvua yote yangu, hicho kitu kimoja kilikuwa wapi? Kilikuwa kibarazani kinacheza karata!"

Majirani wakaangua kicheko. Hakuna aliyeondoka, habari kama hii huiachi nusu, kesho dukani utaulizwa mwisho wake.

"Na haya maandishi?" akamgeukia mumewe.

"Tangazo tu la biashara."

"Biashara yangu au yako?"

Fundi Rangi akaanza kulifuta bomba lake kwa shati.

"Kumbe! Mnanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, halafu mnataka na vigelegele. Haya. Leteni tina ya kutolea rangi. Leteni msasa na matambara. Nataka nyeupe yangu kabla jua halijazama, na mnaanza na mlango."

"Mlango tuuache mwisho, mke wangu, herufi zile nimezihangaikia..."

"Mlango kwanza! Na wewe wifi, unakwenda wapi? Mchuma janga hula na wa kwao. Shika tambara."

Bahati rangi ilikuwa bado mbichi. Walisugua, kijani ikachuruzika mpaka kwenye mtaro, wifi akilalamikia kucha zake. Mama Viti alikaa kwenye kiti chake kimoja cha kukodisha akiwasimamia, hakumpa mtu hata maji. Hasira haikutoka pamoja na rangi. Kila nyeupe ilipoongezeka, alikumbuka cherehani yake iliyoazimwa bila kuulizwa, chumba chake cha stoo alichopewa shemeji, na jinsi kila mara alivyosema "haya, yaishe." Namba ya chesisi hakumwachia mtu. Aliisugua mwenyewe kwa mswaki, tarakimu moja moja, mpaka chuma kikang'aa.

Asubuhi mkaguzi alizunguka gari, akanusa. "Mbona linanuka tina?"

"Limesafishwa," Mama Viti akasema.

Mwalimu aliona ukijani kidogo kwenye bawaba ya mlango, akaona na mikono ya Fundi Rangi ilivyobabuka. Akakohoa, akasaini. Mkaguzi akainama kwenye namba, akalinganisha na kadi, akachukua kalamu.

"Mmiliki mpya?"

Mama Viti akalitaja jina lake, kisha la baba yake, polepole, asije mtu akakosea. La mumewe hakulitaja.

Fundi Rangi akasogea mezani. "Mzee, nilikuwa naona labda tungeweka yote mawili..."

Mkaguzi akainua macho, akamtazama Mama Viti. "Huyu ni nani kwako?"

"Fundi rangi," akasema, na kidole chake kikabaki kwenye mstari wa mmiliki. "Andika, baba. Watu wanasubiri viti."