Kusikiliza Mara ya Tatu

…watano basi, na mtoto naye ahesabiwe, kwa sababu ndiye wa kwanza kuinua kichwa: mume wake kitini, hedifoni masikioni na penseli mkononi; mama mkwe kwenye kochi, kikombe cha chai amekikumbatia kwa viganja viwili; Mama Kanda, mkuu wa studio, mgeni wao wa leo, kwenye kile kiti kimoja ambacho miguu yake yote minne ni mizima; mtoto kifudifudi kwenye blanketi sakafuni, nyuma ya baba yake; na yeye mwenyewe kwenye kigoda karibu na dirisha, mashati ya shule mapajani, kazi ya vifungo anayoletewa na fundi cherehani, shati la sita, kifungo cha nne… watano, na hakuna anayesema, kwa sababu mtu akishavaa hedifoni kwa kazi haongeleshwi wala haguswi, ndiyo kanuni yao ya studio, anasikiliza mara tatu tu, kila kasoro anayoisikia anaipigia mstari mmoja kwenye karatasi, na hii ndiyo mara ya tatu, na kwenye karatasi iko mistari mitatu. Manne, alisema Mama Kanda mapema akipuliza chai, "Makosa ni manne, Sikio, nimeyahesabu mwenyewe, ukiyapata yote kiti ni chako, mzee anayekikalia sasa akapalilie bustani yake," na mume wake akacheka, "Manne tu? Leo umenihurumia," maana studio nzima inamwita Sikio, tangu ile siku alipowaambia kwamba msomaji ana jino linalouma na kweli lilikuwa linauma, na kiti chenyewe ni cha msikilizaji wa mwisho, yule ambaye bila sahihi yake hakuna somo linalotoka kwenda kwa watoto mashuleni, na tangu atie mguu pale kama mbeba nyaya hajatamani kitu kingine… sindano iingie, itoke, polepole, hakuna haraka.

Yeye ameusikia mluzi. Aliusikia mara ya kwanza akiwa jikoni anamimina maji ya chai, akadhani ni birika, akaliondoa motoni na mluzi ukaendelea, mwembamba kama uzi huu, juu kabisa ya sauti ya yule mwalimu anayesoma habari za mito, halafu ukakatika. Aliusikia mara ya pili akiwa chumbani anambadilisha mtoto nguo, na mtoto akaacha kupiga mateke, akageuza macho kutafuta, na yeye akasema moyoni, hilo ndilo la nne, atalipigia mstari sasa hivi. Aliporudi na mtoto begani mistari ilikuwa mitatu. Kiti kilicholia, meza iliyogongwa, ngurumo ya lori kwa mbali, hayo kayapata yote mara ya kwanza tu, bila jasho, sauti nzito nzito zinazotoka chini hazimpiti… na hedifoni hizi ndizo zinazomsema, zenyewe hazijui kuficha, zina mgongo wazi, nyuma ya kila sikio ni wavu mtupu kama chujio la chai, cha ndani kinatoka na cha nje kinaingia. Mama mkwe siku ya kwanza kuziona alisikitika kabisa, "Mwanangu, umeuziwa zilizotoboka," na mume wake, "Hazijatoboka, Mama, zimeachwa wazi ili sauti ipumue," na mama mkwe, "Ipumue! Kwani ina mapafu?" akaenda zake, na baada ya siku nne akaja na vifuniko viwili vya uzi wa kahawia, kavifuma kwa mkono, vizuri, vyenye ua katikati, vya kuziba matundu vumbi lisiingie, na mume wake alivivaa wiki nzima, wiki nzima anafanya kazi kama mtu aliyetumbukiza kichwa kwenye sufuria, anasema tu, "Ahsante, Mama, sasa ziko sawa," mpaka yeye mke akavifua kwa maji ya moto kwa makusudi na kusema vimesinyaa, na sasa vinafunika kopo la sukari na kopo la chumvi, na kila mtu ameridhika… nyumba hii watu wake ni wema, kila mmoja anambebea mwenzake kitu bila kusema.

Mume wake alizinunua kabla hajamwoa, alijinyima sana, viatu alivaa vilivyofungwa kwa waya, na wiki waliyooana alimkalisha jikoni kwenye kigoda hiki hiki, akamvisha, akasema, "Usisikilize wimbo, sikiliza kabla ya wimbo," na yeye akasikia mwimbaji anavuta pumzi, pumzi tu, mtu mzima kabisa anajiandaa, na wakati uleule akasikia sufuria inachemka na jirani anapiga zulia, kana kwamba mwimbaji amesimama pale kati ya sufuria na dirisha na anangoja wamalize, na akatokwa na machozi bila sababu, yeye ambaye alikomea shule ya msingi na hakuwa anajua kwamba kuna kazi ya kusikiliza tu, na mume wake hakumcheka, alimpa leso na kusema, "Mimi pia nililia." Sponji zilipoliwa na jasho, yeye mke alizishonea mpya kwa taulo. Waya alioukata yeye kwa mguu wa kigoda, mume aliuunga akisema ulikuwa mrefu mno, akamdanganya kwa upole, haukuwa mrefu mno. Mwaka ule wa kwanza ukikaa chumba cha pili hukusikia kitu, na ukikaa hapa hapa ulisikia kama mchele unamiminwa kwenye karatasi, basi. Alipokuwa na mimba aliweza kujua kama anayesoma ni mwanamume au mwanamke. Mtoto alipozaliwa akaanza kushika neno moja moja. Na sasa hata akiwa jikoni na bomba linamwaga maji anafuata somo zima, mito, mifupa ya mwili, amejifunza upya sehemu na desimali zilizomtesa alipokuwa na miaka kumi, na alikuwa anamshukuru Mungu kwa hilo, alisema nasoma bure, mjinga mimi, hakuna siku aliyojiuliza kwa nini somo linamfuata mpaka jikoni. Au alijiuliza. Alijiuliza, akashona kifungo.

Maana alianza yeye, kama mwaka mmoja hivi umepita, jioni moja anashona na mume anasikiliza, kitu kikalia ndani ya hedifoni kama inzi kwenye chupa, mume hakupiga mstari, na alipozivua yeye akauliza tu, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi, "Ile inayolia kama inzi ni nini?" na mume akazivaa tena, akarudia, akapiga mstari, akasema, "Wewe ungefaa studio." Ikawa hivyo. Mara moja kwa wiki, halafu mara mbili. Halafu yeye mke hakuhitaji tena kuuliza, na hilo alilifurahia, alisema sikio la mume wake limerudi, ulikuwa uchovu tu, mtoto mchanga alikuwa anawanyima usingizi… mtoto, lakini mume wake huwaambia watu, juzi tu kamwambia jirani mlangoni, "Mtoto wetu mpole ajabu, alfajiri halii kabisa," na jirani akamwangalia yeye mke, kwa sababu jirani anamsikia mtoto kupitia ukuta wa matofali, kila alfajiri, sauti nyembamba ya juu, na jirani naye kwa wema akasema, "Kweli, ana heri mtoto huyu," na wote watatu wakacheka… halii kabisa. Ee Mungu. Halii.

Mama mkwe anakohoa, kikohozi cha bure, "Chai hii imepoa, nani aongezwe?" anasema kwa mnong'ono, na Mama Kanda anajibu kwa mnong'ono, "Niko sawa, mama yangu, imenitosha," na wanaangaliana, halafu wote wawili wanaangalia vikombe, na hapo anajua kwamba nao waliusikia mluzi, mara zote mbili, ulikuwa unavuja chumba kizima, kila mtu aliusikia na kila mtu akatazama kikombe chake. Tangu lini mama mkwe anakaa upande wa kulia wa mwanawe kila wanapokula? Tangu lini anamgusa bega kwanza, ndipo amwite? Na Mama Kanda, ambaye alikuwa anapiga kelele kutoka mwisho wa korido, "Sikio njoo!", leo alipofika alimsogelea mpaka karibu, akamshika mkono, ndipo akasema habari zako… na yeye mwenyewe, je, yeye anayempa mtoto mikononi ili amwone anavyolia, badala ya kumwambia analia. Watu wema. Wamemzungushia wema kama ukuta, na ndani ya ukuta yuko peke yake.

"Shemeji," Mama Kanda anamwinamia, sauti ya chini kabisa, "mimi ningependa sana awe yeye. Sana," na anamjibu, "Najua, dada," na hiyo sana ya pili ni ya mtu anayeomba, anamwomba nini, kwani yeye afanye nini, kanuni inasema haongeleshwi wala haguswi… na anainua macho kumtazama mume wake, na mume wake anamtazama yeye. Si uso. Mkono. Anautazama mkono wake wenye sindano. Kiti chake, na sasa ndiyo anakumbuka, kiti hakikuwa hapo, kilikuwa kinaelekea ukutani miaka yote, alisema ukuta haumchanganyi, na kama mwaka hivi amekigeuza kikaelekea dirishani, akasema ni kwa ajili ya mwanga, na yeye akaamini, mwanga wa nini kwa mtu anayefumba macho… lakini hafumbi macho tena. Anaangalia sindano. Kwa sababu yeye mke akisikia kitu kibaya sindano husimama, hajui kama husimama, lakini husimama, bila shaka husimama, mkono hubaki hewani na uzi umevutika, na mume hupiga mstari. Ndiyo maana hakuhitaji kuulizwa tena. Sikio halikurudi. Mara ya kwanza leo yeye mke alikuwa jikoni, mara ya pili alikuwa chumbani, hakukuwa na mkono wa kutazama, na mistari ikabaki mitatu. Basi anajua. Mume wake anajua, amejua mwaka mzima, amekaa na jambo hilo kila jioni mita mbili kutoka hapa, akiwa anatabasamu, akisema wewe ungefaa studio, na hakumwambia mtu, na hofu yote hiyo aliiweka wapi, kwenye kiti, kwenye kukigeuza kiti.

Mto unakaribia bahari, mwalimu anasoma, mto ukifika tambarare hupunguza mwendo, hutua mchanga, hujigawa… maneno hayo yanatangulia mluzi, anayajua sasa kwa moyo, baada ya hujigawa ni kimya kidogo, halafu unaanza. Ni rahisi. Asimamishe mkono tu. Hakuna kanuni iliyovunjwa, hakuna aliyesema, hakuna aliyegusa, Mama Kanda ataona mstari wa nne na atashangilia na atajifanya hakuona lingine, mama mkwe atalia kwa furaha, na mume wake atakalia kile kiti alichokitamani tangu alipokuwa anabeba nyaya, na kesho ataleta kazi nyumbani, na keshokutwa, na yeye atakaa hapa na sindano, vifungo viwepo visiwepo, na hataugua, na hatasafiri kwenda kwa mama yake, na sauti ya hedifoni itapandishwa kidogo, na kidogo tena, mpaka masikio yapoteze hata zile nzito zinazotoka chini, na mtoto ataanza kusema, sauti za watoto ni nyembamba zote, atasema baba, na baba atamtazama yeye mke mkono… hapana. Si kiti tu anachokipoteza, hata kama hakioni kingine. Naye anampenda, anampenda mtu huyu aliyevaa vifuniko vya uzi wiki nzima, na kumpenda huku kote kumekuwa ni kumsaidia asijue kile anachokijua. Amwambie nini? Amwambie, najua. Amwambie, nimekuona ukinitazama. Siyo hapa mbele ya mgeni, jioni, na taa ikiwa inawaka, uso kwa uso, taratibu. Lakini hilo la jioni linaanzia sasa, kwenye kifungo hiki.

Hujigawa, anasoma mwalimu. Kimya kidogo. Mluzi unaanza, mwembamba, juu, unatoka kwenye wavu na kuzunguka chumba, mtoto anainua kichwa kwenye blanketi, mama mkwe anatazama kikombe, na yeye anaiingiza sindano kwenye tundu la kifungo na kuitoa, anaiingiza, anaitoa, uzi unapita laini, na macho yake hayako kwenye shati, yako kwa mume wake, yanamtazama moja kwa moja bila kumficha kitu, na mume wake anayatoa macho kwenye mkono, anayapandisha polepole mpaka usoni pake, na wanatazamana, na sindano inaendelea, na penseli imesimama juu ya karatasi, na mluzi bado unalia.

Mwezi uliofuata, kiti cha msikilizaji wa mwisho alikikalia binti mmoja wa pale studio, wa meza ya pili, na aliyemfundisha kazi kwa wiki tatu ni Sikio.