Tembo Ukutani

Wakubwa wa hospitali hawakutaka kumwajiri binti yangu. Miaka minne alijitolea wodini, anafunga vidonda, anabeba mabeseni, na mwisho wa mwezi anapewa asante. Wakubwa wa nchi nyingine, ambao hawajamtia hata machoni, wakampa kazi ya uuguzi, tiketi ya ndege na mkataba wa kurasa kumi na mbili. Mimi shule niliishia darasa la tano, lakini mkataba ule niliusoma wote, kwa kidole, nikiwa chooni ili nisisumbuliwe. Ukurasa wa tisa ndio ulionichangamsha. Ulisema muuguzi asiyeleta anwani ya nyumba ya familia kabla ya Ijumaa saa sita mchana atatangulia peke yake na kulala bwenini, na mume na watoto watasubiri mwaka mmoja.

Mwaka mzima! Mstari ule niliurudia kama mtu anayelamba sahani.

Sikumtakia binti yangu mabaya. Aende, apate mshahara wa haki. Nilichotaka ni wale wawili wadogo wabaki: Kidoti, miaka mitano, ana maneno kama wakili, na Bwana Tumbo, miezi kumi, ambaye kazi yake ni kula na kunivuta ndevu. Tangu bibi yao aondoke, kelele zao ndizo zinazoniamsha asubuhi. Na bibi yao nani alimwondoa? Bomba la wodi aliyolazwa lilikauka wiki mbili. Mimi mwenyewe, fundi bomba wa idara ya maji, nilipeleka karatasi tatu kuomba kibali cha kwenda kulitengeneza, na mkubwa wangu akazikalia zote tatu. Daktari aliandika kwamba aliuawa na homa. Ningepewa kalamu mimi, ningeandika jina la mkubwa.

Basi, nyumba ikawa inatafutwa kwa simu. Mkwe wangu ni mtu wa kompyuta. Namwita Jedwali, maana hata kuoa nadhani alioa baada ya kujumlisha. Alitengeneza jedwali la nyumba zote: kodi, shule, bustani, umbali wa hospitali, kila kitu na alama zake. Huko ng'ambo walipata dalali, mama mmoja wa kwetu aliyehamia zamani, anayeingia na simu yake kila nyumba na kutuonyesha chumba kwa chumba. Sisi tulikusanyika sebuleni, simu yetu imeegemezwa kwenye chupa ya maziwa ya mtoto.

"Baba, wewe ndiye fundi," binti yangu akasema. "Tuangalizie mabomba. Ukisema mabovu, hatuchukui."

Yaani alinikabidhi kisu na kuku kwa pamoja.

Nyumba ya kwanza tuliiona Jumatatu. Nikakohoa kidogo, kitaalamu.

"Mama dalali, hebu vuta maji ya choo."

Akavuta.

"Tena. Tena. Na tena."

"Mzee wangu, hii mara ya nne sasa."

"Yanashuka kwa uvivu. Huko chini kuna mzizi wa mti umeingia bombani."

"Mzee, hapa ni ghorofa ya saba!"

"Mizizi ya huko unaijua wewe?"

Jedwali alicheka mpaka akamwamsha Bwana Tumbo. Bahati yangu shule ilikuwa mbali, nyumba ikakatwa.

Ya pili ilikuwa Jumanne, na ilikuwa nzuri. Hilo liliniuma. Vyumba vitatu, shule ng'ambo ya barabara, mabomba ya shaba yamenyooka kama mistari ya daftari, kila bomba na koki yake ya kufungia. Fundi aliyefanya kazi ile, tungekutana ningempa mkono. Nikainama, nikaweka sikio kwenye simu.

"Nyamazeni. Mnasikia? Ko, ko, ko. Bomba linagonga ndani ya ukuta. Miezi mitatu tu litapasuka, mtaamka mnaogelea."

"Mimi sisikii kitu," Jedwali akasema.

"Wewe sikio lako ni la kompyuta."

Binti yangu akashika kichwa. "Na watoto hawa wadogo! Basi, tuangalie nyingine."

Jioni yake dalali akatuma ujumbe. Jedwali akausoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: "Mwambieni mzee kwamba maji ya nyumba ile yalikuwa yamefungwa. Alichosikia ni mimi nafungua na kufunga droo za jikoni."

"Baba!"

"Droo nazo huwa zinapasuka," nikasema, nikaenda zangu kulala mapema.

Kesho yake nikakuta jedwali limeongezwa safu mwishoni kabisa: Maoni ya Baba. Pembeni yake pameandikwa uzito wake: sifuri. Sikushtuka sana. Idarani nilikaa miaka thelathini na moja kwa uzito huohuo.

Nyumba ya pili haikufutwa, ila miadi ya kuiona ya tatu ilikuwa imeshawekwa, na picha zake zilikuwa zimemlewesha kila mtu. Tukaiona Alhamisi mchana. Kodi nafuu, bustani mbele, hospitali dakika kumi kwa miguu. Dalali akaacha chumba cha watoto mwisho, kama mtu anayejua biashara. Ilikuwa roshani ya zamani iliyozungushiwa vioo, mwanga umejaa tele, na ukutani amechorwa tembo mkubwa wa bluu. Mkonga wake haukuchorwa. Ulitoka ukutani wenyewe, mnene, umepinda kidogo mwishoni, umepakwa rangi ileile ya bluu.

Kidoti alipiga kelele. "Huyo wangu! Nitalala chini ya mkonga! Tumbo alale kule kwenye miguu!"

"Alama tisini na mbili," Jedwali akasema. Vidole vyake vilikuwa tayari kwenye fomu ya anwani ya kupeleka hospitali ya huko. "Hakuna iliyofika hapo."

Mimi nilikuwa nautazama ule mkonga.

"Mama dalali, hicho ni kitu gani hasa?"

"Bomba tu, mzee. Wapangaji waliotoka walikuwa na watoto, wakaamua kulipamba. Si wabunifu?"

"Nyuma ya ukuta kuna nini?"

"Bafu."

"Nenda kafungue maji ya moto."

"Baba, tusianze," binti yangu akasema.

Lakini dalali alishakwenda. Akafungua, na chombo kimoja cha gesi cha kuchemshia maji kikawaka. Kina kidirisha cha kuonea moto. Moto mzuri wa gesi ni wa bluu, umesimama wima. Ule ulikuwa wa njano, unayumba kama mlevi. Juu yake masizi yamepanda ukutani, na bomba la moshi limeingia moja kwa moja upande wa roshani. Zamani roshani ilikuwa wazi na moshi ulikwenda zake. Halafu akatokea mtu na vioo vyake, akaziba, akapaita chumba cha watoto, na bomba akaliacha palepale. Waliomfuata wakalipaka rangi.

Nikaichukua simu pale kwenye chupa, nikaisogeza karibu na macho.

"Nyumba hiyo inaua," nikasema.

Jedwali akaangua kicheko. "Kwanza mizizi ya ghorofa ya saba. Halafu droo. Leo tembo anaua!"

"Moshi wa bafuni unatokea kwenye mkonga."

"Nyumba imekaguliwa na serikali, mzee," dalali akasema. "Cheti hiki hapa, na muhuri."

"Muhuri haupumui! Waliopiga muhuri huo hawatalala hapo!"

"Baba, inatosha," binti yangu akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alisema kama mtu anayemtuliza mgonjwa. "Tunajua hutaki tuondoke. Mume wangu, jaza."

Jedwali akajaza herufi ya kwanza ya mtaa. Nikaiona inatokea. Ikatokea ya pili.

"Niliongopa," nikasema.

Kidole kikasimama.

"Nyumba ya kwanza haina mzizi wowote. Ya pili sikusikia kitu, ila droo nilizisikia na nikajua ni droo. Ile ndiyo nyumba bora niliyowahi kuona maishani mwangu. Nilitaka mkose zote, watoto wabaki na mimi. Ukurasa wa tisa."

"Uliusoma mkataba?" binti yangu akauliza.

"Wote. Sasa mama dalali, nakuomba kama dada yangu. Chukua karatasi nyeupe, iweke mdomoni mwa huo mkonga, na maji ya moto uyaache wazi. Ikitoka safi, mimi sitafungua mdomo tena mpaka mpande ndege."

Hakuna aliyecheka. Dalali akachukua bahasha mkobani, akaishikilia pale kwa muda wa kuhesabu mpaka hamsini hivi. Alipoigeuza kwenye simu, katikati ilikuwa na duara jeusi, kama chini ya sufuria. Alisema neno moja ambalo Kidoti bado ananiuliza maana yake, akafunga gesi na kufungua madirisha yote mbio mbio.

Binti yangu alikuwa amemchukua Bwana Tumbo, amembana kifuani mpaka mtoto analalamika.

"Nimewahi kuwapokea wodini watu waliolala na jiko la mkaa chumbani," akasema taratibu. "Mama na watoto wake watatu. Walikuwa kama wamelala tu."

Jedwali akafuta zile herufi mbili, moja moja. Kisha akanigeukia. "Baba, wewe ni mtu mbaya sana," akasema, lakini mkono wake ulikuwa begani kwangu na hakuuondoa haraka.

Kidoti alilia kwa ajili ya tembo wake hadi chakula cha jioni.

Ijumaa saa tatu asubuhi dalali alirudi nyumba ya pili, safari hii maji yamefunguliwa, na mimi nikakabidhiwa simu mkononi. Nikamtembeza bomba kwa bomba. Chombo cha kuchemshia maji ni cha umeme, kiko mbali na vyumba.

"Safi," nikasema.

Jedwali akaandika.

"Choo?"

"Safi."

"Bafu la watoto?"

"Safi. Hata mimi ningeogea."

Kila niliposema safi, nilihisi zipu moja ya sanduku inafungwa. Tulipofika jikoni, dalali akafungua bomba la sinki, akalifunga, na mimi nikaona kitu ambacho mtu asiye fundi asingekiona. Tone la mwisho lilichelewa kuanguka. Mpira wa ndani umechoka. Mwezi mmoja, miwili kwa wingi, litaanza kudondosha maji usiku kucha, ti, ti, ti.

"Na hilo, Baba?" binti yangu akauliza. "Sema kweli."

Nikafikiri. Bomba la sinki haliui mtu. Ni mpira mdogo kama kitufe cha shati, mtoto anaweza kuubadilisha, mradi awe na mtu wa kumwelekeza kwenye simu, taratibu, hatua kwa hatua, huku mtu huyo akiwaona wote wamezunguka sinki. Na bomba la mtu likianza kuvuja ughaibuni, atampigia nani? Wakubwa?

"Safi kabisa," nikasema. "Jaza fomu."