Majani Mabichi ya Mwezi wa Nane

Kila asubuhi mambo yalikwenda vilevile. Bertilla aliweka ndoo ya bluu chini ya koki ya uani, akafungua maji. Bibi yake Gaudiosa, akiwa kwenye kigoda na ungo wa maharage mapajani, alitega sikio. Hakuwa na haja ya kutazama. Ndoo ilipokaribia kujaa, mlio wa maji ulibadilika, naye akasema, "Funga, mke mwenzangu. Bwana wetu hapendi maji yamwagike."

Ulikuwa utani wao tangu Bertilla akiwa mtoto, na Bibi hakuuacha hata baada ya huyo bwana wao, Babu Lutengano, kuzikwa nyuma ya nyumba.

Asubuhi hiyo ndoo ilimwagika. Pikipiki ilikuwa imeingia hadi uani, kuku wakatawanyika, na mwanamume mwenye koti zito akashuka na karatasi mkononi.

"Hodi! Hapa ndipo kwa mzee Lutengano?"

"Ndipo," Bibi alijibu. "Lakini mzee ametangulia, tangu mwezi wa kumi na moja."

"Pole sana, mama. Ila maji bado yako kwa jina lake." Alimpa Bertilla karatasi kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa rambirambi. "Mna siku saba. Deni lisipolipwa tunakuja kukata."

Bertilla alisoma mara mbili. Nyumba ile ya mtaa wa Chanji ilikuwa na watu wawili na kuku sita, lakini kwa miezi mitatu karatasi iliwadai maji ya kunywesha zizi zima la Ngeleja, mfugaji wa kule bondeni.

"Wametuibia," alisema kwa sauti ndogo.

Bibi hakuuliza ni kiasi gani. "Wakikata, Meshack atakuja," alisema.

Meshack alikuwa mwanawe wa mwisho, mtumishi wa halmashauri kule Matai. Siku ya kuanua matanga alimwambia mama yake kwamba siku atakaposhindwa kuishi peke yake, atakuja na gari amchukue. Bibi alimjibu kwamba hawezi kumwacha mzee. Bertilla, aliyekuwa amemaliza diploma ya maendeleo ya jamii na hana kazi, ndiye aliyeletwa akae naye. Na nyumba isiyo na maji ni nyumba iliyoshindwa. Hilo Meshack asingehitaji kuambiwa.

Bertilla alikuwapo siku ya msiba. Ndugu za Babu walikuja kutoka Tukuyu na gari la kubebea jeneza, wakitaka kumrudisha kwao. Bibi alisimama mlangoni, akasema, "Aliniambia mwenyewe, nizike hapa." Neno la marehemu halibishiwi. Walizika, wakaondoka bila kula.

Halafu kiangazi kikaja. Ufipa yote ikawa rangi ya majani makavu, upepo wa baridi ukapeperusha vumbi kutoka kwenye mashamba yaliyovunwa. Kaburi la Babu peke yake likaota ukoka mbichi. Bibi alimpigia shemeji yake simu Tukuyu, akamwambia, "Njoo uone mwenyewe. Amekubali." Tangu hapo alikwenda kusimama pale kila jioni, akirudi hurudi na neno hilohilo. Amekubali. Bertilla alidhani ni sala.

Siku ya pili baada ya karatasi kuletwa, Bertilla alikwenda ofisi ya maji. Njia nzima alirudia maneno atakayosema, na alipofika dirishani yote yakamkimbia.

"Sema, binti," alisema mama wa dirishani, "dirisha haling'ati."

Bertilla akasukuma barua yake chini ya kioo. Alikuwa ameiandika usiku kucha, na maneno *mita ni mbovu* ameyapigia mstari mara mbili.

Yule mama alisoma, akacheka. "Mdomo huna, lakini kalamu unayo. Haya, fundi atakuja kuipima."

Bertilla alirudi nyumbani karibu akikimbia. "Tutashinda, Bibi," alisema, na Bibi akamshika shavu.

Fundi aliitwa Godbless. Alipokuja, jirani yao Leonardi naye alisogea hadi penye uzio wa mabua. Tangu msiba, Leonardi hakupitisha wiki bila kuleta kitu: mkungu wa ndizi, mfuko wa mkaa, mboga. Lakini hakukubali hata siku moja kuketi.

"Funga koki zote," Godbless alisema. Bertilla akafunga. Fundi akafunua mfuniko wa mita, akamwita. "Tazama hapa. Unaona nini?"

Kigurudumu chekundu, kidogo kama mbegu ya ulezi, kilikuwa kikizunguka taratibu.

"Labda ndio ubovu wenyewe," Bertilla alisema.

"Ngoja." Akafunga koki ya pale pale kwenye mita. Kigurudumu kikasimama. Akaifungua. Kikaanza tena. "Mita ni nzima, dada. Maji yanatoka kwenye bomba lenu, chini kwa chini. Bomba linapita wapi?"

Hakungoja jibu. Alifuata mstari wa bomba kutoka kwenye uzio, akikanyagakanyaga udongo, akapita nyuma ya jiko. Kisha alisimama ghafla, akavua kofia. Mbele yake palikuwa na kaburi, na ukoka unang'aa.

Leonardi akaruka uzio.

"Mama Gaudiosa," alisema, akimtazama miguuni. "Siku ile tunachimba, sululu yangu iligonga bomba. Nililifunga na tyubu ya baiskeli. Nikawaambia wenzangu wanyamaze. Mtu yuko kwenye msiba, utamwendeaje na habari za bomba? Nikasema nitarudi nilitengeneze, ardhi ikishatulia." Alijifuta uso kwa kiganja. "Kila nikija, nashindwa. Deni hilo nilipisheni mimi."

"Kaburi halihitaji kufukuliwa," Godbless alisema haraka. "Tutalikata bomba hapa mbele, tupitishe jingine kando ya uzio. Deni litabaki, ila ofisini watawakubalia mlipe kidogo kidogo."

"Umesikia, Bibi?" Bertilla alisema. "Hawakati. Hakuna wa kukupeleka Matai."

Bibi hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameinama juu ya kaburi, akipitisha kidole kwenye majani.

"Kwa hiyo ni maji tu," alisema.

"Bibi, tutalihamisha bomba, hatutamgusa kabisa—"

"Nimekuuliza, mjukuu wangu. Ni maji tu?"

Bertilla alitamani angekuwa ameipoteza barua ile njiani. Alitamani kudanganya, na alijua angeaminiwa. Lakini Bibi alikuwa amemkazia macho.

"Ni maji, Bibi."

Bibi aliketi chini, palepale kwenye udongo wenye unyevu. Wale wanaume wawili waligeukia uzio, kila mmoja akijifanya anapima mahali pa kuchimba. Bertilla akachuchumaa karibu yake, akamfunika kanga mabegani.

"Mke mwenzangu," Bibi alisema, na safari hii hapakuwa na utani ndani yake. "Mume wetu hakuniambia nimzike hapa. Aliniomba nimrudishe Tukuyu, alale kwa mama yake. Aliniomba mara tatu. Mimi ndiye niliyeogopa kubaki peke yangu. Nilipoyaona majani haya, nikasema, basi, amekubali."