Nafasi Baina ya Aya

Ijumaa ya tatu baada ya kumzika mkewe, Shehe Hamidu Swai alinyamaza katikati ya sala, na msikiti mzima ukadhani amesahau.

Alikuwa imamu wa msikiti huo mdogo wa Machame kwa miaka kumi na tisa. Waumini wake hawakuzidi arobaini, maana majirani wengi huko mgombani ni watu wa kanisani. Tangu msiba hakukosa hata sala moja. Watu walimsifu kwa subira, naye hakuwaambia kwamba haikuwa subira. Hakulia hospitalini Mawenzi, hakulia kaburini, na kila alipojipapasa moyoni hakukuta kitu. Ilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: unauona ni wako, lakini hauitiki.

Siku hiyo, katika rakaa ya kwanza, alifika pale Mwenyezi Mungu anapowaambia waja wake waliojidhulumu nafsi zao wasikate tamaa na rehema yake. Hapo akanyamaza. Nyuma mtu akakohoa. Mzee Shaibu, muadhini, aliyesimama nyuma yake, akamfungulia kwa kumsomea kipande kinachofuata. Hamidu akakipokea, akaendelea. Rakaa ya pili akafika kwenye aya ya Pepo, akanyamaza tena, na Shaibu akamfungulia tena.

Hakuwa amesahau. Mkewe alizaliwa Kibosho, akabatizwa Hilaria, na aliposilimu akaitwa Hidaya, ingawa dada yake hakuliacha lile jina la kwanza. Alijifunza sala akiwa mtu mzima, na Kiarabu kilimpa tabu. Katika wiki zile za mwanzo alimuuliza mumewe kama mtu anaruhusiwa kuomba papo hapo, aya inapoahidi jambo, au ni lazima angoje hadi mwisho. Hamidu akamweleza kuwa Mtume, katika sala zake za usiku, alipopita kwenye aya ya rehema aliomba, na alipopita kwenye aya ya adhabu alijikinga. Tangu hapo, katika sala za sunna walizosali pamoja nyumbani, akawa anampa nafasi. Aya ikiisha anatulia, anasikia mnong'ono nyuma yake, mnong'ono unakoma, anaendelea. Hakuwahi kumuuliza anaomba nini. Yeye mwenyewe mara nyingi hakuomba kitu. Alikuwa akimsubiri tu.

Baada ya sala wazee walimkalisha barazani. Mzee mmoja alisema kuomba katikati ya kisomo ni kwa sala za sunna, si za faradhi. Mwingine akasema wako wanazuoni walioruhusu hata katika faradhi, na Shehe mwenyewe ndiye aliyewafundisha hivyo. Walibishana kwa adabu, kana kwamba mwenyewe hayupo, mpaka mwenyekiti, Mzee Rajabu Munisi, akamgeukia.

"Shehe, ulisahau?"

"Sikusahau. Niliacha nafasi."

"Nafasi ya nani?"

Hamidu akaviangalia viatu vilivyopangwa mlangoni. Rajabu akasema apumzike kidogo. Kuna ustadhi wa Bomang'ombe angekuja kusalisha. Hamidu akaitikia. Alitazamia aone aibu, au walau nafuu. Hakuona lolote. Akaenda nyumbani kumkatia ng'ombe migomba.

Jumapili shemeji yake Tereza alipanda kutoka Kibosho na mtori wa ndizi kwenye chombo cha plastiki. Alikuja moja kwa moja kutoka misani, na hakuficha kwamba alikuwa amemtolea marehemu sala. Alisema anajua si dini yake tena, ila ni mdogo wake. Hamidu akamwambia asante, na alimaanisha, ingawa sauti ilitoka kavu kama ya karani.

Wakala. Baadaye akajikuta anamsimulia yaliyotokea Ijumaa. Tereza alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama anajua Hilaria alikuwa akiomba nini pale anapompa nafasi.

"Sijui. Yalikuwa yake na Mola wake."

"Mimi aliniambia. Magoti, shemeji. Alikuwa anaomba magoti yamhimili mpaka umalize. Alisema unasoma sura ndefu kama njia ya Sanya Juu, na hataki kukuambia ufupishe."

Hamidu aliweka kijiko chini. Miaka yote hiyo alidhani nyuma yake inaombwa Pepo, anaombwa mtoto waliyemkosa, anaombewa yeye mwenyewe. Kitu kikamgusa karibu na koo, kidogo, kama kicheko kilichopotea njia, kisha kikapita. Tereza akamwongezea mtori.

Kwa wiki mbili alisali safu ya pili, kati ya fundi baiskeli na mzee asiyesikia vizuri. Hakuwa amesimama nyuma ya mtu kwa muda mrefu, na aligundua kuwa magoti yake pia yanauma. Yule ustadhi wa Bomang'ombe alisoma haraka, hakutua popote. Magharibi moja alipita kwenye aya ya rehema bila hata kupunguza mwendo, na kabla Hamidu hajajua anafanya nini, moyo wake ulikuwa umesema: Na mimi. Hayo tu. Imamu akarukuu, naye akarukuu.

Alipotoka nje hakujihisi tofauti. Alivaa viatu, akasalimiana na watu, akatembea kurudi nyumbani, akawasha taa.

Muda wa mapumziko ulipokwisha, Rajabu alikuja kumwomba arudi mihirabuni. Hamidu akamwambia bado, wamwache safuni kwanza, angalau mpaka kahawa ichumwe. Mwenyekiti alitaka kujua kama anaumwa. Hamidu akafikiri kwa uaminifu, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni.

"Siumwi," alisema. "Ningeumwa ningekuambia."

Rajabu akakubali, akaomba maji ya kunywa, na wakakaa kuzungumzia mvua.