Kijiti Kinachopepesa

Saa tano na nusu Bi Somoe aliingia steshenari yangu ya kuchapa na kutoa kopi, hapa Mbagala. Barua yake ya maombi ilitakiwa ofisi ya mtaa kabla ya saa sita. Isipofika, nafasi yake ya kukaangia mihogo anapewa Chausiku, muuza mihogo mwenzake.

"Chapa, Mbwana. Mwenzangu kapeleka yake tangu jana."

Mie nachapa kwa vidole viwili, macho kwenye vitufe. Shule niliishia darasa la tano. Na kompyuta yangu ina ugonjwa: kila mara dirisha la printa linaruka mbele kwenye skrini kusema wino unaisha. Likiruka, ninachochapa hakiingii kwenye barua. Wino upo. Nikiizima printa, linaruka dirisha jingine kusema printa imezimwa.

Nilichapa aya nzima, nikainua macho. Kwenye barua palikuwa na "Ndugu Mwenyekiti" tu.

"Muda wote huo ulikuwa unamwandikia nani?" Bi Somoe akauliza.

"Dirisha."

Mwalimu Revelian, aliyekuwa anasubiri kutoa kopi, akavuta kiti. "Chapa, mie natazama. Likitokea nakwambia."

Nikachapa.

"Baada ya 'mihogo' weka mkato," akasema. "Na 'heshima' umeikosea."

Nilipoinua macho, dirisha lilikuwa limekaa katikati na nusu ya barua haipo.

"Mwalimu, ulikuwa unatazama nini?"

"Nilirudia aya ya kwanza. Ina kasoro."

Zilibaki dakika kumi na tano. Bi Somoe akamsukuma mwalimu kwa nyonga. "Mie kusoma sijui. Nionyeshe cha kutazama."

Nikamwonyesha kijiti kinachopepesa mwisho wa maneno. "Kikiacha kupepesa, nipige bega."

"Natazama karai la mafuta tangu alfajiri haliniunguzii hata kipande. Kijiti ndiyo kinishinde?"

Alinipiga mara tisa. Mkono ule umezoea kumenya mihogo gunia zima. Kila kofi nilibofya kwenye barua, nikaendelea. Dakika tano kabla ya saa sita ikatoka, akainyakua na kuondoka mbio, kanga mkononi.

Nafasi kaipata. Juzi mwalimu alikuja nimchapie barua ya kuomba uhamisho. Nikamwambia asubiri nje, nikamwita Bi Somoe ng'ambo ya barabara. Akaja anajifuta mafuta mikononi.

"Kipo wapi kijiti?" akauliza, na bega langu likajikunja lenyewe.