Uzito wa Makandi

Kila Jumanne asubuhi, kabla ya chai, wasichana wa timu ya mbio za nyika walipimwa nyuma ya jiko la chuo kule Embu. Kocha Njue alikuwa ameazima mzani wa kituo cha majani chai, ule wa kuning'inia, akaufunga kwenye boriti ya stoo. Msichana alishika ndoano na kukunja magoti, akaning'inia kama gunia. Aliyepungua alipigiwa makofi. Aliyeongezeka aliwapikia wenzake ugali, akangoja wamalize ndipo aonje.

"Nelius, leo umekuja na viazi vya kuuza?" Kocha aliuliza. Timu ikacheka. Nelius naye akacheka, kwa sababu asiyecheka aliongezewa kilima cha kupanda.

Makofi mengi yalikuwa ya Makandi. Chuo kilimsomesha bure kwa ajili ya miguu yake, na akitoka kwa timu, basi ni kurudi Meru kuchuma majani na mama yake. Kwa hivyo aliacha ugali, akaacha maharagwe, mwishowe akabaki na maji na Zaburi.

Jumanne moja alishika ndoano na mshale haukusonga. Kocha aligonga mzani kwa ngumi, akaona ni mzima. Halafu akapunguza kilo moja kwa ajili ya nguo, kama vile karani wa majani hupunguza ya gunia hata gunia likiwa kavu. Makandi akainuka polepole mpaka kichwa kikagusa mabati.

"Sasa hapo tunaongea," Kocha akasema.

Nelius alimvuta chini kwa kisigino, wakaenda mazoezi. Kuanzia siku hiyo Makandi alitembea na mawe mifukoni. Upepo wa mlima ukishuka, wenzake walimshika jezi bila kukata mazungumzo.

Nelius ndiye aliyempigia simu mama yake Makandi. Gatakaa alikuwa mjane, mama wa kanisa, si mtu wa maneno mengi. Alifika na mukimo wa viazi na mahindi kwenye kopo.

"Kula, mwanangu."

"Mama, nikila nitaachwa."

Gatakaa alifunika kopo, akamtafuta Kocha uwanjani.

"Mwalimu, huyu mtoto amekuwa kama pamba."

"Mama Makandi, wewe tuombee. Mambo ya mbio niachie mimi."

"Kuomba naomba. Lakini hata Yesu aliwalisha watu kwanza, ndipo akawaaga."

"Hao hawakuwa wakimbiaji, Mama."

Siku ya mashindano mvua ilikuwa imenyesha. Wengine walizama kwenye matope mpaka vifundoni. Makandi alipita juu yake, viatu vikibaki safi. Waamuzi walijadiliana kidogo. Mmoja akasema sheria inataka mkimbiaji apite katikati ya bendera, haisemi lazima akanyage chini. Wakampa nafasi ya kwanza.

Alipovuka utepe aliendelea kupanda. Kocha alikuwa amekuja na kamba ya mbuzi, akamrushia, wakamfunga kiunoni. Mkuu wa chuo alipiga picha na timu, Makandi akiwa juu kidogo. Mpiga picha aliwaomba wote waangalie mbele.

Wiki iliyofuata Kocha alijaribu kumpandisha kilima, lakini hakuwa na pa kukanyagia. Kocha akasema mtu wa namna hiyo hawezi kufunza wengine bidii. Chuo kikaacha kumsomesha. Gatakaa akaja, akapewa kamba, akasaini. Alimpeleka nyumbani akimshusha kila penye nyaya za stima.

Nyumbani Makandi alikula mukimo, akala nduma, akanywa maziwa. Chakula kiliingia. Uzito haukurudi.

Kanisa likapanga ibada ya shukrani kwa ushindi wake. Kocha Njue alikuja kama mgeni, akapewa kiti cha mbele na soda. Mchungaji alisema wote wamwinulie Bwana mikono miwili. Gatakaa aliinua mmoja, maana wa pili ulishika kamba. Hakuna aliyemlaumu.

Baada ya ibada Kocha alisimama karibu na kwaya ya vijana, akiangalia miguu ya msichana mmoja wa kwaya, Lenah.

"Huyu ana mwili wa kukimbia," alimwambia mama yake Lenah. "Ni wa kupunguza tu kidogo."

Mama Lenah alifurahi sana, akaenda kumtafutia Kocha sahani. Gatakaa alimfuata, akamshika kwa mkono wake ulio huru.

"Mama Lenah, usimpe mtoto."

"Kwani wako si alishinda?"

"Alishinda."

"Na si tumekuja kushukuru hapa kwa ajili yake?"

"Ndiyo."

"Basi muache na wangu ashinde. Ama baraka ni za nyumba moja?"

Upepo wa mchana ulikuwa umeanza, naye Gatakaa akazungusha kamba mara nyingine kwenye kiganja.

Wageni waliletewa wali na nyama. Lenah, kwa vile alikuwa amekaa karibu na Kocha, alipakuliwa sahani ya mgeni. Alikula vijiko vichache, akamtazama Kocha, akaisukuma sahani kando.

Kocha akampigia makofi.